Usimbatize Mwanangu

Neno lenyewe lina heshima zake, hilo hakuna anayebisha. Mahali pake ni kanisani, kwenye maji ya baraka na nguo nyeupe. Lakini katika chumba cha kufulia cha hospitali moja kubwa, neno hilo lilikuwa limeshazoea kuvaa mabuti ya mpira na kuchapa kazi kama watu wengine. Mashuka mapya yalipotoka stoo, magumu kama kadibodi na yenye harufu ya dukani, hayakutandikwa kitandani kabla ya kufuliwa mara moja ili wanga utoke. Kazi hiyo iliitwa kubatiza. Chai ya saa nne ikiletwa nyepesi, majani yakiwa yamepita tu kuyasalimia maji, walisema chai imebatizwa. Na mfanyakazi mgeni naye hakuhesabiwa kuwa mtu wa pale mpaka abatizwe, yaani apewe jina la utani, na akishapewa ndiyo amekwisha.

Mbatizaji alikuwa mmoja tu. Madobi mle walikuwa sita, ila ukisema Dobi bila kuongeza neno, ulimaanisha yeye: mzee mrefu, mkimya kwa mgongo na mchangamfu kwa uso, mwenye vidole vilivyokunjamana kwa kukaa majini miaka thelathini na mbili. Hakuwa na papara. Alimtazama mgeni siku tatu, siku nne, huku akijifanya anahesabu foronya. Kisha siku moja angechovya vidole kwenye beseni la maji ya kusuuzia, amrushie mgeni matone usoni, na jina litoke likiwa limeiva. Ungeweza kununa, ungeweza hata kwenda kumshtaki kwa Muuguzi Mkuu, lakini jina lilikuwa limeshakuganda.

Msukuma toroli, ambaye hakuna ukuta wa hospitali ile ambao hakuwahi kuugonga, alibatizwa Breki, kwa kuwa ndicho kitu alichokosa. Mama mpiga pasi, aliyeweza kubishana nawe hata kama unamuunga mkono, alikuwa Wakili. Mtunza stoo, ambaye akiombwa sabuni alijibu hakuna kabla ya kugeuka kutazama rafu, alibatizwa Hakuna. Huyo ndiye aliyewatesa watu wa simu.

"Hakuna yupo?" wodi ingeuliza.

"Hakuna hayupo," angejibu Breki.

"Kama hakuna ambaye hayupo, basi nipe nizungumze naye!"

Watu walivunjika mbavu kwa mazungumzo hayo kila wiki, na hayakuchuja. Dobi mwenyewe alicheka kidogo tu, pembeni, mikono ikiwa ndani ya povu, kwa raha ya fundi anayesikia kiti alichotengeneza hakilii kikikaliwa.

Jambo moja hawakulizungumza. Yeye hakuwa na jina la utani. Wakili alijaribu mara moja. Alichovya vidole, akamrushia maji, akasema kwa sauti ya mahakamani, "Na wewe kuanzia leo ni..." na jina halikuja. Akasimama pale vidole vikidondosha, watu wakacheka, kazi ikaendelea. Ili umbatize mtu ni lazima umjue, na Dobi hakuna aliyemjua. Aliwachekesha kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, kisha akavaa shati lake akaondoka, na anakokwenda hakuna aliyewahi kualikwa.

Alikuwa anakwenda kwenye chumba kimoja chenye dirisha lililotazamana na ukuta wa jirani. Ndani kulikuwa na kitanda, meza, redio, na kabati la vyombo lenye vikombe viwili. Kimoja kilitumika kila siku. Cha pili kilikaa kimefunikwa mdomo chini kwa muda mrefu hata kikaacha duara kwenye rangi ya rafu. Alipika kidogo, akala akiwa amesimama, akaosha sahani moja. Tusizungukezunguke: alikuwa mpweke, upweke wa kumfanya mtu aseme "karibu" mlango wa jirani ukigongwa.

Hapo zamani walikuwa watatu chumbani mle. Mkewe alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno machache ambaye kila akiitwa alijibu "Dakika moja!" na dakika hiyo ingeweza kumaliza gauni zima. Basi mumewe akambatiza Dakika, wiki ya kwanza ya ndoa, kwa maji ya kikombe. Miaka kumi na tisa hakumwita vinginevyo. Majirani wakamwita Dakika, wateja wakamwita Dakika, yeye mwenyewe akiulizwa nani yuko mlangoni alijibu, "Ni Dakika." Alipofariki, binti yao akiwa darasa la saba, jamaa waliandika kwenye kibao cha kaburi jina lake la kwenye cheti. Dobi aliposimama pale na udongo mkononi, akakisoma kile kibao na moyo ukamruka. Kwa muda mfupi alidhani wamekuja kwenye maziko ya mtu mwingine.

Binti naye alikuwa amebatizwa, tena akiwa na siku moja. Alizaliwa na baka la rangi ya kahawa chini ya sikio la kushoto, ukubwa wa kitufe cha shati. Baba yake aliliona, akachovya kidole kwenye maji ya kuogeshea, akasema: "Doa."

Hapa ndipo ulimwengu na mzee huyu walipoachana njia. Wewe na mimi tukisikia doa tunafikiria uchafu. Dobi alifikiria kazi yake. Mashuka elfu moja yakipita mikononi mwako kwa wiki, hukumbuki hata moja, kwa sababu yaliyo safi yote yanafanana. Unalolikumbuka ni lile lenye doa. Umelisugua, umelitia dawa, umelilaza majini, doa limekataa kutoka, na mwaka mzima utalitambua kutoka upande wa pili wa chumba. Damu na maziwa ndiyo sugu zaidi, alikuwa akimfundisha binti tangu yuko mdogo: maji baridi, tena mapema. Ukiyaacha yakauke, basi umeyaoa. Alipomwita mwanawe Doa, alikuwa anamwambia kwamba yeye hatatoka. Watoto wengine wote duniani wangempita kama mashuka, na huyu angemjua popote. Lilikuwa neno la mapenzi kuliko yote aliyokuwa nayo, na kosa lake ni moja tu, kwamba hakumweleza mtu, hata mwenye jina.

Binti alikua na jina hilo kama mtu anavyokua na kiatu kinachobana. Shuleni walimwimbia. Akajifunza kufunga kitambaa shingoni hata wakati wa joto. Hakumlalamikia baba yake, kwa kuwa walikuwa wamebaki wawili, na mtu mwenye mzazi mmoja hamnunii ovyo. Akasoma, akawa mwalimu wa hesabu, akahamia mji mwingine, na huko hakuna aliyemjua kwa jina lile. Akavua kitambaa. Akapata mchumba.

Ikaja siku ya harusi. Ukumbi umejaa, wakwe wamekaa mbele kwa heshima zote, na baba wa bibi harusi anaitwa kutoa neno. Dobi alikuwa na hofu, suti ya kuazima inambana kwapani, na mtu mwenye hofu hukimbilia analolijua. Yeye alijua kuchekesha. Akashika kipaza sauti na kusimulia jinsi alivyombatiza mwanawe Doa. Akaonyesha alivyochovya kidole. Akasema ameijaribu kila sabuni ya hospitali na mtoto hakutoka. Ukumbi ukaangua kicheko. Mshereheshaji akalidaka hilo neno, akawaambia wageni waitikie, na watu mia tatu wakapiga makofi wakiimba, "Doa! Doa! Doa!" Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi, na tangu siku hiyo hakumwita mkamwana wake kwa jina jingine. Haikupita miezi mitatu, wanafunzi wakawa wanaandika ubaoni kwa chaki kabla ya kipindi: Mwalimu Doa.

Binti aliomba uhamisho wa shule. Kabla ya kuondoka alimpigia baba yake simu, na hakupandisha sauti.

"Ulinibatiza nikiwa sijui kusema, baba, nikakusamehe," alisema. "Sasa umenibatiza tena nikiwa mtu mzima, mbele ya wakwe. Mara ya tatu hutaniona."

Miaka sita. Simu za Dobi zilipokelewa na mkwe wake, kijana mwenye adabu aliyekuwa akisema, "Yupo bafuni, baba, nitamwambia." Mwanamke hawezi kuwa bafuni miaka sita, hilo Dobi alilijua, lakini alishukuru kwa ule uungwana wa kudanganywa. Mwaka wa tano ukaja ujumbe kutoka kwa mkwe huyohuyo: "Baba, umepata mjukuu wa kike. Mama na mtoto wazima." Dobi aliusoma akiwa amekaa juu ya rundo la mashuka. Akajibu, "Asante mkwe, Mungu awalinde." Alitaka sana kuuliza mtoto anaitwa nani. Hakuthubutu. Yeye kuuliza jina ingekuwa kama mwizi kuuliza ufunguo unawekwa wapi.

Akaendelea kubatiza wengine.

Hata Alhamisi moja, akiwa nyuma ya jengo kwenye kamba za kuanikia, simu ikaita na kioo kikaandika: Doa. Ndivyo alivyokuwa amemhifadhi humo, na hakuwahi kubadilisha. Mikono yake ilikuwa na maji, akaipangusa kwenye shuka la hospitali, jambo ambalo angemfokea mtu mwingine kwa kulifanya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Aliitambua sauti ya binti yake. Ilikuwa ileile.

"Jumapili tupo nyumbani. Kama una nafasi, uje umwone mtoto."

"Nafasi ninayo."

"Ila kuna neno moja." Dobi akamsikia akivuta pumzi. "Usimbatize mwanangu. Sitaki utani wala hadithi, sitaki jina dogo wala kubwa. Ukimpa jina hata moja, baba, sitakufukuza, lakini ndiyo itakuwa mara ya mwisho kumwona. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Simu ikakatwa. Dobi alibaki kati ya mashuka mawili yaliyokuwa yanampiga mabegani kwa upepo. Furaha ilimjaa mpaka ikamuuma, na nyuma ya furaha ikaja hofu. Kuacha pombe angeweza, hakuwa akinywa. Lakini majina hayakuwa yakimjia kwa kuyatafuta. Yalikuwa yanatoka tu, kama chafya.

Ijumaa kulikuwa na ubatizo. Mama mmoja wa makamo alikuwa amehamishwa kutoka jikoni kuja ufuaji, ana wiki nzima, na siku yake ilikuwa imewadia. Walikusanyika karibu na beseni. Mama yule alikuwa ameshaambiwa taratibu. Alivua miwani yake, akaikunja, akaitia mfukoni, akafumba macho na kuinua uso, tayari kwa maji.

Dobi alikuwa na jina lake. Lilikuwa zuri pia. Alilimeza.

"Huyu si ana jina lake?" alisema. "Muiteni hilo."

Mashine ya kukamua ilikuwa ndiyo kwanza imezimika, kwa hiyo kila mtu alisikia. Mama wa jikoni akafumbua macho.

"Kwani mimi nimekosa nini?" aliuliza.

"Hujakosa kitu, mama."

"Wote mmewapa. Hata yule wa toroli amepewa."

"Dobi, unaumwa?" Wakili akaingilia. "Au amekukosea? Kama amekukosea useme hapahapa mbele za watu, si kumnyima mtu haki yake."

Dobi alirudi kwenye mashine yake. Nyuma yake alimwona yule mama kwenye kioo cha mlango, anavaa miwani polepole, peke yake katikati ya watu walioanza kutawanyika. Akamwonea huruma, na akajua kwa nini: alikuwa anajitazama mwenyewe. Lakini alikuwa amekata kauli. Kama ni kujizuia, aanze na walio rahisi.

Jumapili alinyoosha shati jeupe kwa pasi mara mbili. Kwenye basi alichagua dirisha. Alitoa simu, akaingia kwenye lile jina, akafuta herufi tatu, na kidole kikasimama. Jina la cheti aliliweka lini mdomoni? Mwisho akaandika "Binti yangu," akarudisha simu mfukoni na kuanza kusali kwamba mtoto asiwe na kitu chochote cha kuchekesha. Asiwe na masikio makubwa wala asiwe anatembea kama bata. Awe tu mtoto wa kawaida kabisa.

Binti ndiye aliyefungua geti. Alikuwa amenenepa kidogo, na mvi moja mbele. Shingoni alifunga kitambaa cha kijani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Walipeana mikono. Angetaka kumkumbatia, lakini hakujua kama ruhusa ile ilikuwamo kwenye mwaliko.

Sebuleni kulikuwa na madaftari yaliyorundikwa na kalamu nyekundu juu yake, kochi lililofunikwa kitambaa, na mkekani chini mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, anagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Mkwe alisimama, akamwamkia, akampokea mfuko wa matunda. Mtoto alisikia sauti ngeni, akageuza kichwa kumtazama mwenye sauti. Na hapo, chini ya sikio la kushoto, Dobi akaliona. Rangi ya kahawa. Dogo kuliko la mama yake, kama kitufe cha mkono wa shati.

Hakuna aliyemwambia.

Neno lilimfika ulimini lenyewe. Kidoa. Lilikuwa tamu, lilikuwa limekamilika, lilikuwa linamtosha mtoto kama gauni la kupimiwa. Alilisikia likimgusa meno. Alipoinua macho, binti yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la chai, hatembei, hamtazami mtoto wala hamtazami mumewe. Alikuwa anautazama mdomo wa baba yake.

Dobi alifunga midomo mpaka ikauma.

"Mtoto mzuri," alisema.

Binti akaweka sinia mezani. Vikombe vikagongana kidogo.

Ikafuata saa moja na nusu ya kazi ngumu kuliko yoyote aliyowahi kufanya. Tatizo lilikuwa kwamba jina la mtoto hakulijua bado, na wenye nyumba walikuwa wanalizunguka bila kujua. Mkwe alimwita "mama." Binti alimwita "mpenzi," na alipoukamata mkono wa mtoto kwenye soketi ya umeme akamwita "wee!" Dobi alitega masikio kama mtu anayengoja jina lake lisomwe kwenye orodha. Kuna mahali mkwe alifungua kinywa kabisa, akasema, "Tena huyu..." Dobi akaegemea mbele. "Huyu binti ni mjanja sana," mkwe akamaliza.

Basi akacheza naye bila kumwita. Alipiga makofi, alipiga mluzi, aliviringisha chungwa. Alisema "njoo" na "haya" na "lete." Kila alipoishiwa maneno alinyamaza, na kila aliponyamaza aliona uso wa binti yake unazidi kufunga. Alidhani anafanya vizuri. Maskini, alidhani ukimya ndio aliotakiwa.

Mkwe alitoka kwenda kununua mkate. Wakabaki watatu. Mtoto alikuwa anakunywa maziwa kwenye kikombe chenye mdomo, ameshika kwa mikono miwili.

"Baba," binti alisema, "mbona humwiti?"

"Umenikataza."

"Nilikukataza kumbatiza. Kumwita sikukukataza. Umekaa hapa mchana kutwa unampigia mluzi mwanangu kama unaita mbwa."

Dobi alitazama mikono yake. "Simjui jina," alisema.

"Hulijui jina la mjukuu wako?"

"Hakuna aliyeniambia, mwanangu. Na kuuliza niliogopa. Mtu kama mimi nikiuliza jina, si mtadhani nataka kwenda kulifanyia ufundi?"

Kicheko kilimfika binti puani, akakizuia. "Nilijua baba yake amekwambia," alisema, sauti imeshuka. Akachukua daftari moja kwenye rundo, akalirudisha palepale. "Tumempa jina la mama."

"Dakika?" Lilimponyoka.

"Baba." Hakusema kwa hasira. "Mama alikuwa na jina."

Alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye cheti, kwenye kadi ya kliniki, kwenye kibao kile ambacho jua lilikuwa limeshaanza kukifuta. Dobi alilijua herufi kwa herufi. Lakini alipotafuta kumbukumbu ya yeye kulitamka, hakuipata. Wakati wa uchumba alimwita "dada." Baada ya hapo alimwita vile alivyomwita. Mwanamke alikaa naye miaka kumi na tisa, akamzalia, akamshonea, akafa kitandani pake, na yeye hakuwahi hata mara moja kumwita kwa jina alilopewa na mama yake. Alifikiri alikuwa anampa kitu. Hakuwahi kujiuliza alikuwa anamvua nini.

Alijaribu. Nusu ya jina ilitoka, nusu ikamkwama, akakohoa. Akajaribu tena, na safari hii likatoka zima, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake.

Mtoto hakugeuka. Aliyegeuka ni binti. Aliweka kiganja mdomoni.

"Rudia, baba," alisema.

Akarudia.

"Tena."

Akalisema tena, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka wala hakuyapangusa, na mtoto akashusha kikombe na kumtazama mzee huyu aliyekuwa analitaja jina lake. Akanyanyuka, akatembea, kweli alitembea kama bata, akafika magotini pake na kuinua mikono. Dobi akambeba. Mtoto akalaza kichwa begani, akacheua maziwa kwenye shati jeupe, akatulia.

Basi la kurudi lilikuwa saa kumi na moja. Binti alimsindikiza mpaka getini, mtoto kiunoni. Hapo kwenye mwanga ndipo alipoliona lile bega.

"Ah, baba, subiri. Vua, nilisuuze harakaharaka, utavaa shati la mume wangu. Likikauka halitoki hilo doa."

Neno lilikuwa limeshatoka. Binti alilisikia baada ya kulisema, na mkono wake ukapanda wenyewe kwenye kitambaa cha kijani.

"Najua halitoki," Dobi alisema. "Ndiyo maana naliacha."

Gari lilipita, mtoto akalinyooshea kidole.

"Siku ile ukumbini hukusema hivyo," binti alisema.

"Siku ile nilisema ya kuchekesha tu."

"Kwa nini hukusema hili?"

"Nilidhani unalijua, mwanangu. Tangu unazaliwa nilidhani unalijua."

Binti alimhamishia mtoto upande mwingine. Macho yalikuwa mekundu, lakini hakulia mbele yake, na hakumwambia kwamba yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha. Miaka sita haifuliwi mchana mmoja.

"Basi liache," alisema. Kisha, akiwa ameshaanza kufunga geti: "Jumapili za mwisho wa mwezi huwa tupo."

Alifika chumbani kwake jua likiwa linazama. Uani hakukuwa na mtu. Kwa mazoea ya miaka mingi alichota maji baridi, akaweka beseni sakafuni, akavua shati na kulitandaza magotini. Doa lilikuwa bado bichi katikati, limeanza kukauka pembeni, na lilikuwa na harufu ya maziwa na ya kichwa cha mtoto. Alijua alikuwa na kama robo saa. Alilitazama. Kisha akabeba beseni, akatoka nalo, akayamwaga maji yote ukutani.

Akalitundika shati kwenye msumari mkabala na kitanda. Akalitaja jina la mkewe, mara moja, kwa sauti ya mtu anayeita aliye chumba cha pili. Hapakuwa na chumba cha pili, wala hapakuwa na wa kusema dakika moja. Akakaa kitandani, kulisubiri doa likauke.